Chozi wa Nyungwe: Mnywa Asali Anayelipa

Katika nyumba za askari, hasa zile zilizozungukwa na migomba na maua ya uani, hutokea mara kwa mara kisa cha namna hii. Mtoto wa miaka kama kumi humwona ndege mdogo anayeng'aa kama kioo cha rangi, akining'inia kwenye ua la mgomba. Mtoto hutengeneza ulimbo kwa utomvu wa mti, huupaka juu ya kijiti, na kabla ya adhuhuri ndege yumo mkononi mwake. Humtia katika kikapu kilichofunikwa, akamwekea punje za mtama na kifuu cha maji.

"Mama, tazama! Nimepata kasuku mdogo."

"Huyo si kasuku, mwanangu. Mwachie aende zake."

"Niache nimfuge, mama, hata kesho tu, mpaka baba atoke lindoni."

Baba anapotoka lindoni asubuhi na kuinua kifuniko, humkuta ndege amelala ubavu, mwepesi kama jani kavu. Hana jeraha. Amekufa kwa njaa, na mtama umejaa mbele yake.

Mtoto yule hakukusudia ubaya. Alivutwa na rangi, na kwa kuwa kasuku ndiye ndege wa rangi anayefugwa na kula nafaka mkononi mwa mtu, alidhani kila ndege wa rangi ni wa namna hiyo. Lakini yuko ndege asiyeweza kuishi kwa mtama hata kidogo, na ambaye akiondolewa mauani hupungukiwa si yeye peke yake, bali na maua pia. Ndege huyo ni chozi, na mojawapo ya makao yake makuu katika Afrika ni ile milima inayosimama mashariki ya Rusizi.

NCHI YA CHOZI

Wilaya ya Rusizi, ambayo hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 ilikuwa katika mkoa wa Cyangugu, iko kusini magharibi mwa Rwanda. Hapo ndipo Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika mto Rusizi, unaoteremka kwenda Ziwa Tanganyika. Mji wa Cyangugu unatazamana na Bukavu, nchini Kongo, kuvuka maji hayo. Kuelekea mashariki ardhi hupanda, kwanza kwa migomba na mashamba, kisha kwa majani ya chai, mpaka inapofika ukingo wa Msitu wa Nyungwe.

Msitu huo ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1933, ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mwezi Septemba 2023 ukaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 1,019. Kilele chake kirefu, mlima Bigugu, kina meta zipatazo 2,950 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya wilaya ya Rusizi kiko pia kipande kidogo cha Cyamudongo, kilichotengana na msitu mkubwa lakini kinachohesabiwa kuwa sehemu ya hifadhi. Aina zaidi ya 300 za ndege zimeandikwa katika Nyungwe, na baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika milima hii ya Bonde la Ufa la magharibi.

Miongoni mwa hao wamo chozi wa milimani. Yuko chozi mfalme, ambaye dume lake lina kichwa na mgongo wa kijani king'aacho, ukanda wa buluu, kifua chekundu na ubavu wa manjano, kana kwamba amevaa sare ya gwaride. Yuko chozi kifua-zambarau, mwenye mkia mrefu. Yuko chozi kichwa-buluu, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1904 na Frederick Jackson, ambaye alimpa ndege huyo jina la mkewe, Aline. Na asiyetaka kupanda mlima anaye jirani yake uani: chozi-shaba, ambaye kivulini huonekana mweusi mtupu, lakini mwanga wa jua unapompiga hugeuka kuwa rangi ya shaba iliyosuguliwa.

Mgeuko huo una sababu. Rangi ing'aayo ya chozi haitokani na wino uliomo ndani ya unyoya, bali na umbo la chembe ndogo mno zilizopangwa kwa tabaka, ambazo hurudisha mwanga wa namna moja na kuuacha mwingine. Ndiyo maana rangi hiyo huwaka na kuzimika kadiri ndege anavyogeuka. Majike hayana fahari hiyo. Majike ya aina nyingi yana rangi ya kijani kilichofifia au ya majani makavu, nayo ni sare ya kazi nyingine, kama itakavyoonekana hapa chini.

NDUGU KWA KAZI, SI KWA DAMU

Mtoto wa kisa kile alikosea kumwita chozi kasuku, lakini kosa lake halikuwa mbali sana na ukweli. Wako kasuku ambao hawaishi kwa mbegu. Hao huitwa lori, jina lisilohusiana kamwe na magari ya mizigo, nao hupatikana Australia, Guinea Mpya, visiwa vya Indonesia na visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Aina zao ni zaidi ya 50. Anayejulikana zaidi ni yule wa Australia anayeitwa kwa jina la upinde wa mvua: kichwa buluu, kifua cha rangi ya chungwa na nyekundu, mgongo wa kijani. Chakula cha kasuku hao ni mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya maua, pamoja na chavua, ule unga wa maua.

Chozi na lori hawana undugu wa damu. Mmoja ni wa ukoo wa ndege waimbao, mwingine ni wa ukoo wa kasuku. Lakini wote wawili wameingia katika kazi moja, na kazi imewapa vyombo vya kufanana. Ulimi wa kasuku wa kawaida ni mnene, kama kidole, wa kugeuzia mbegu mdomoni. Ulimi wa lori una vinyweleo nchani, mfano wa brashi, na kwa hivyo hufagia mbochi na chavua kwa pamoja. Ulimi wa chozi ni mrefu na mwembamba, umejikunja kama mrija na kupasuka nchani, nao hupenya mpaka chini kabisa ya ua ambako sukari imefichwa. Mdomo wake uliopinda umefuata umbo la maua anayoyatembelea.

Kuna tofauti moja kubwa. Lori hupata protini yake kutoka katika chavua. Chozi hula wadudu na buibui, na bila hao mwili wake hauwezi kujengwa, seuze wa makinda yake. Basi yeyote anayedhani kwamba chozi anaweza kufugwa kwa maji ya sukari amemwandalia kifo cha polepole badala ya kile cha haraka alichokipata yule wa kikapuni. Sukari huendesha mwili, lakini haiutengenezi.

Huko kaskazini ya Australia na Guinea Mpya koo hizi mbili hukutana, kwa kuwa chozi nao wamefika huko kupitia Asia. Na Rwanda nayo ina kumbukumbu ya nchi ya lori, ingawa lori mwenyewe hayuko: ni mikaratusi, iliyoletwa mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo leo imesimama juu ya vilima vingi. Kwao Australia, maua ya miti hiyo ni mojawapo ya meza kubwa za lori. Barani Afrika, yanapochanua, chozi huketi kwenye meza hiyo hiyo.

MALIPO YA ASALI

Mithali yasema, fuata nyuki ule asali. Lakini nyuki si mfanyakazi pekee wa maua. Mti hautengenezi sukari kwa ukarimu. Hutengeneza kwa kuwa hauna miguu, nao unahitaji mchukuzi wa kupeleka chavua yake kwenye ua la mti mwingine wa aina yake ili mbegu zipatikane. Sukari ndiyo ujira, na chavua ndiyo mzigo. Chozi anapoingiza mdomo uani, paji la uso au koo lake hupakwa chavua, na anapofika kwenye ua la pili huiacha huko.

Maua yanayomngoja ndege hutambulikana. Mengi ni mekundu au ya rangi ya chungwa, rangi ambayo ndege huiona vyema na nyuki huiona vibaya. Mengi hayana harufu, kwa sababu ndege hutafuta kwa macho kuliko kwa pua. Ni magumu kiasi cha kustahimili mdomo, na mbochi yake ni nyingi na nyepesi. Umuko, ule mti wa miiba wenye mashada mekundu ambao katika simulizi za kale za Rwanda ndipo Ryangombe alipokata roho baada ya kupigwa pembe na nyati, ni mmoja wao.

Msituni mfano bora ni mti uitwao kitaalamu Symphonia globulifera, wenye maua mekundu ya mviringo. Wakati mti huo unapochanua katika Nyungwe, chozi kifua-zambarau huonekana vileleni mwake. La ajabu ni kwamba mti huo huo huota pia katika misitu ya Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, ambako hakuna chozi hata mmoja. Huko mbochi yake hunywewa na ndege wadogo sana wanaosimama hewani kwa kupiga mbawa kwa kasi ya mvumo. Mti ni ule ule, na maua ni yale yale, ila wafanyakazi wamebadilika. Kila bara limeajiri ndege wake: Amerika wale wavumao, Australia lori, na Afrika chozi.

MLINZI ANAYEPIGA HESABU

Askari anayekesha lindoni atapenda kusikia kwamba chozi naye hulinda, na hulinda kwa hesabu. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili, Frank Gill na Larry Wolf, waliwachunguza chozi mabawa-dhahabu karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Ndege hao hunywa maua ya rangi ya chungwa ya mmea unaozungusha mashada yake katika bua lake ngazi kwa ngazi. Baadhi yao walishika eneo na kuwafukuza wenzao, na wengine hawakujali. Katika maandishi yao ya mwaka 1975 wataalamu hao walieleza sababu.

Walikadiria kwamba chozi aliyetulia tawini hutumia kalori ndogo 400 kwa saa, akinywa maua hutumia 1,000, na akifukuza wavamizi hutumia 3,000. Yaani saa moja ya ugomvi humgharimu zaidi ya mara saba ya saa moja ya mapumziko. Basi ulinzi unafaa tu pale ambapo maua yakilindwa hujaa mbochi kiasi cha kumfanya ndege ashibe kwa muda mfupi na kupumzika muda mrefu. Mbochi ikiwa chache kila mahali, au ikiwa nyingi kila mahali, ulinzi haulipi, na chozi huuacha.

Ukubwa wa maeneo yao ulitofautiana mno: mengine yalikuwa ya meta za mraba chache, mengine ya zaidi ya 2,000. Lakini idadi ya maua ndani ya kila eneo ilikaribiana, yapata 1,600. Hicho ndicho kiasi kinachotosha kumlisha ndege mmoja kwa siku. Chozi hakulinda ardhi kwa fahari ya upana wake. Alilinda posho.

Hesabu hiyo ni ya lazima kwa kiumbe chenye mwili mdogo kiasi hicho. Chozi mfalme ana uzito wa gramu zipatazo sita. Yule lori wa upinde wa mvua ana zaidi ya gramu mia moja, na bado humlazimu kula siku nzima. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na usiku wa Nyungwe ni wa baridi. Wataalamu waliopima chozi wa milimani Afrika Mashariki wamekuta kwamba usiku joto la miili yao hushuka ili kupunguza matumizi, kama mtu anayepunguza utambi wa taa. Alfajiri huamka na akiba ndogo sana. Ndege wa kikapuni, aliyenyimwa maua tangu adhuhuri hadi giza, hakuwa na akiba ya kumfikisha asubuhi.

NYUMBA YA UTANDO WA BUIBUI

Dume linapong'aa na kupigana, jike hujenga. Nyumba ya chozi ni kifuko kinachoning'inia kwenye kitawi, kilichosokotwa kwa nyuzi za majani na magome, na kushikwa pamoja kwa utando wa buibui. Mlango uko ubavuni, na mara nyingi una kijibaraza juu yake cha kuzuia mvua. Ndani hutandikwa manyoya na pamba za mimea. Jike hutaga yai moja au mawili, mara chache matatu, na huyaatamia peke yake kwa muda wa wiki mbili hivi. Hapo ndipo ile rangi yake iliyofifia inapoeleweka, kwa kuwa anayekaa kiotoni hafai kung'aa. Makinda yanapoanguliwa, dume husaidia kuyalisha, nayo hulishwa zaidi wadudu na buibui.

Hata hivyo nyumba hiyo haikosi mvamizi. Yuko aina ya kekeo mdogo wa kijani anayetaga yai lake katika viota vya chozi. Kinda lake huwatoa wenyeji na kubaki peke yake, na mama chozi humlisha mgeni anayemzidi kwa umbo mpaka anapojua kuruka. Akina mama wanaoona kiota kinachoning'inia karibu na dirisha au kwenye kamba ya nguo wasikiondoe. Kwa majuma machache hayo, mwenye kiota atakula buibui na wadudu wa nyumba ile bila kudai chochote.

MOTO WA MWAKA 1997

Katika Nyungwe amekuwako kwa miaka mingi mnywa asali mwingine, naye ni binadamu. Warina asali waliingia msituni, wakatafuta mizinga ya nyuki katika mashimo ya miti, na kuwafukuza nyuki kwa moshi. Katika miaka ya mvua nyingi kinga cha moto kilichosahauliwa kilizimika chenyewe. Mwaka 1997 ulikuwa mwaka wa ukame. Mioto iliwaka, mingi ikihusishwa na warina asali, na ilipokwisha zaidi ya sehemu moja ya kumi ya msitu ilikuwa imeteketea.

Hasara haikuishia kwenye majivu. Mahali palipoungua hapakurudi kuwa msitu upesi, kwa kuwa paliotwa na kangaga, mmea wa majani yaliyochanika kama manyoya, ambao husongamana kufikia kimo cha mtu na kuzuia miche ya miti isipate mwanga. Tena kangaga ni mmea usiochanua kabisa. Kwa chozi, kilima kilichofunikwa na kangaga ni kijani kwa macho tu. Hakina ua hata moja, hakina mbochi, na kwa hiyo hakina kazi wala ujira. Watunza hifadhi wamelazimika kuufyeka mmea huo katika baadhi ya sehemu ili miche ipumue, na miaka mingi baada ya moto makovu yake bado yaonekana.

Hasara hiyo haimhusu chozi peke yake. Mgongo wa milima ya Nyungwe hugawa maji: ya upande mmoja huenda Kongo, ya upande mwingine huenda Nile. Vijito vinavyoteremka magharibi huingia Ziwa Kivu na mto Rusizi, na Rubyiro humwagilia mashamba ya mpunga ya bonde la Bugarama. Kwenye Rusizi kuna mitambo ya umeme, ule wa kwanza ukiwa umejengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na wa pili ukaanza kazi mwaka 1989. Mti huzuia udongo usiteremke pamoja na mvua. Mti hutokana na mbegu. Na mbegu za baadhi ya miti hiyo hutokana na ndege wa gramu sita aliyepita na chavua kwenye paji la uso.

Warina asali nao hawakuwa maadui wa taifa. Walikuwa wananchi wenye haja ya fedha, na asali ilikuwa na bei. Jibu lililofaa lilikuwa kuwapa njia ya kupata asali bila moto. Vyama vya ushirika vya wafuga nyuki viliundwa pembezoni mwa hifadhi, na mizinga ya kisasa ikawekwa nje ya msitu. Nyuki huingia msituni kwa mbawa zao wenyewe, hukusanya mbochi, hurudi mzinganini, na mtu hurina bila kuteketeza mti. Mfugaji wa namna hiyo amejifunza kanuni ya chozi: chukua, lakini iache meza ikiwa imesimama.

AMRI YA MALKIA

Kwamba amri ya mamlaka yaweza kuokoa ndege, historia ya lori yatoa ushahidi. Katika visiwa vya Pasifiki kulikuwa na lori mwekundu ambaye manyoya yake yalitakiwa kwa mapambo ya wakubwa. Katika visiwa vya Cook alitoweka kabisa. Lakini katika kisiwa kidogo cha Rimatara, kusini mashariki ya hapo, malkia wa mwisho alipiga marufuku mwaka 1900: ndege huyo asidhuriwe wala asitolewe kisiwani. Watu walishika amri hiyo kizazi baada ya kizazi. Jambo la pili lililomsaidia ni kwamba panya weusi, wala mayai na makinda, hawakufika huko.

Mwaka 2007 ndege 27 walichukuliwa Rimatara na kupelekwa Atiu, mojawapo ya visiwa vya Cook ambavyo pia havikuwa na panya weusi. Walizaana, na kisiwa kilichoishi bila sauti yao kwa karibu miaka mia mbili kikawapata tena. Kazi hiyo isingewezekana kama amri ya malkia ingebaki katika karatasi. Iliwezekana kwa sababu wananchi wa kawaida waliilinda.

Rwanda yenyewe ina mfano wa karibu. Korongo-taji, yaani umusambi, alikuwa akikamatwa na kuwekwa katika bustani za nyumba na hoteli kama pambo, wengine wakiwa wamekatwa mbawa. Kuanzia mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, akishirikiana na Serikali, aliendesha kazi ya kuwaandikisha ndege hao na kuwarudisha porini, na wenyewe waliombwa wawatoe bila kuadhibiwa. Wale wasioweza tena kuruka walipata makao yao Kigali, katika kijiji cha umusambi kilichofunguliwa mwaka 2021. Ng'ambo ya Rusizi, kituo cha Lwiro kilichoko Kivu ya Kusini hupokea sokwe na kasuku wa kijivu walionyang'anywa wafanya magendo. Tangu mwezi Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku kwa mapatano ya mataifa. Askari polisi au afisa wa forodha anayefungua kapu mpakani na kumkuta kasuku humo anapaswa kujua hilo.

KAZI YA NYUMBANI

Kwa familia inayotaka kumwona chozi kila asubuhi, njia si ulimbo wala kikapu. Ni kupanda. Mshubiri huota hata penye mawe, na maua yake mekundu hupendwa sana na chozi. Umuko hukubali kupandwa kwa kukata tawi, na hufaa kwa ua wa boma. Mkungu wa mgomba ukiachiwa ua lake kwa muda huwa meza ya bure. Penye bustani ya mboga, dawa ya wadudu isinyunyiziwe juu ya maua yaliyochanua, kwa sababu sumu iuayo nyuki humfikia na ndege, ama kwa mbochi ama kwa buibui aliomla.

Vijana waelezwe pia kwamba ndani ya hifadhi hairuhusiwi kutega wala kuwasha moto. Na anayepita barabara ya msituni, iwe ni kwa zamu au kwa safari ya likizo, asitupe kipande cha sigara kinachowaka nje ya gari. Wakati wa kiangazi jambo dogo kama hilo latosha kuanzisha mwaka 1997 mwingine.

Baba wa kisa kilichotajwa hapo mwanzo alimzika ndege yule chini ya mgomba. Mtoto alilia, kisha akauliza kama anaweza kumtafuta mwingine.

"Hatumtafuti," baba alisema. "Tutamwita."

Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala usingizi wake wa baada ya zamu, alimpa mtoto jembe dogo na vichipukizi vitano vya mshubiri.